Singletoni Huundwa Lini? Niliyojifunza kwa Gharama ya Mwisho wa Mwezi Mmoja

Saa moja na robo asubuhi ya Jumatatu, simu yangu iliita nikiwa bado ndani ya daladala. Aliyepiga alikuwa dada wa huduma kwa wateja, na sauti yake ilinieleza kabla ya maneno yake kwamba mambo si shwari. Wanachama wa chama kimoja cha akiba na mikopo tulichokuwa tumekitengenezea mfumo walikuwa wakijaribu kulipa michango yao ya mwisho wa mwezi kwa simu, na kila mmoja alikuwa akipata ujumbe uleule kwamba ombi lake halikufanikiwa na ajaribu tena baadaye. Toleo jipya la mfumo nilikuwa nimelipandisha kwenye seva mimi mwenyewe Jumamosi usiku. Liliwaka bila kosa hata moja kwenye logi. Nikafungua ukurasa wa ukaguzi wa afya ya mfumo, ukaniambia kila kitu kiko sawa, nikaenda kulala.

Ninayaandika haya kwa waandaaji programu wenzangu, hasa wale wanaohama kutoka kiunzi kimoja kwenda kingine wakiwa wamebeba mazoea yao yote, kwa sababu kosa lililoniangusha asubuhi ile lilitokana na ujuzi niliokuwa nao kweli, ambao ulikuwa sahihi kabisa mahali pengine.

Kwa asiyeifahamu mada hii, kontena la kudunga vitegemezi ni sehemu ya programu inayounda objekti na kuzikabidhi kwa objekti nyingine zinazozihitaji, ili klasi isilazimike kujiundia yenyewe kila inachokitegemea. Unapoiandikisha klasi kwenye kontena, unalieleza pia objekti hiyo iishi kwa muda gani: iundwe mpya kila inapoombwa, au iwe moja kwa kila skopu, ambayo kwenye programu ya mtandao kwa kawaida ni ombi moja la mtumiaji, au iwe moja tu kwa uhai wote wa programu. Hiyo ya mwisho ndiyo singletoni. Jina lake linakujibu swali la ngapi, na wengi wetu tunaridhika na jibu hilo bila kuuliza swali la lini.

Kwa miaka sita kabla ya hapo nilikuwa nikiandika Java kwa kutumia kiunzi cha Spring, chenye kontena la aina hiyo. Huko, usipobadilisha chochote, singletoni zote huundwa wakati programu inapowaka: kontena hupitia orodha yake, huunda kila kilichoandikishwa kuwa singletoni na kisichotiwa alama ya @Lazy, na kimoja kikishindwa kuundwa, programu nzima hukataa kuwaka. Mazingira hayo yalinijengea imani mbili ambazo sikuwahi kuzitamka, kwa kuwa hazikuwahi kuniangusha. Ya kwanza ni kwamba programu iliyowaka ni programu yenye afya. Ya pili ni kwamba konstrakta, yaani msimbo unaoendeshwa objekti inapoundwa, ni mahali salama pa kufanyia kazi nzito, kwa sababu itafanyika mapema kabla mteja yeyote hajabisha hodi.

Nilipohamia kazi mpya nilikuta mfumo umeandikwa kwa .NET, jukwaa la Microsoft, pamoja na kontena lake la asili. Maneno yalifanana mno na yale niliyoyazoea, nami nikaandikisha huduma nne kwa AddSingleton bila kusita. Ya kwanza ilifungua cheti cha usalama na kuomba tokeni, yaani kibali cha muda, ya lango la malipo. Ya pili ilisoma jedwali la viwango vya riba, faini na ada kutoka kwenye hifadhidata na kulishika kwenye kumbukumbu. Ya tatu iliandaa taarifa za wanachama katika PDF. Ya nne ilikuwa ya ulinganishi wa miamala: ilianzisha saa ndani ya konstrakta yake, na kila baada ya dakika tano ilitakiwa kupitia miamala iliyokwama na kuliuliza lango la malipo hatima ya kila mmoja. Zote nne zilifanya kazi yake nzito ndani ya konstrakta. Sikusoma hata aya moja ya maelezo ya kontena lile, na hilo ndilo kosa ninalolijutia kuliko mengine yote yatakayofuata, kwa kuwa maelezo hayo yapo na yanasomeka kwa muda usiozidi nusu saa.

Kumbe katika kontena la .NET, kuiandikisha klasi kwa AddSingleton ni kuliandika jina lake kwenye daftari tu. Objekti yenyewe huundwa mara ya kwanza inapoombwa, ama kwa sababu klasi nyingine inayoundwa imeitaja kwenye konstrakta yake, ama kwa sababu msimbo fulani umeiomba moja kwa moja kutoka kwenye kontena. Usiku ule wa Jumamosi, kati ya huduma zangu nne hakuna hata moja iliyokuwa imeundwa. Cheti kilikuwa kimeelekezwa kwenye folda ambayo haikuwapo kwenye seva mpya, na hakuna msimbo wowote uliokitafuta hadi mwanachama wa kwanza alipobonyeza kitufe cha kulipa. Ukurasa wa afya haukulihitaji lango la malipo, kwa hiyo ulisema kweli kwa kadiri ya ulichokijua.

Kulikuwa na jambo jingine lililonipoteza asubuhi ile. Konstrakta ya singletoni ikitupa kosa, kontena halihifadhi chochote. Ombi linalofuata huanza kuiunda upya, nalo hushindwa vilevile. Matokeo yake logi ilijaa kosa lilelile kwa kila malipo yaliyojaribiwa, na mimi nililisoma kosa hilo kama hitilafu iliyo ndani ya mchakato wa malipo. Nilitumia dakika arobaini nikichunguza ruhusa za mafaili na msimbo wa kupokea maombi, nikijiambia kwamba kosa la mipangilio lingeizuia programu isiwake kabisa. Nawasihi wenzangu: mkiona kosa la konstrakta likijirudia kwa kila ombi, msianze kuchunguza ombi. Angalieni kwanza ni objekti gani iliyokuwa ikiundwa, na kwa mara ya ngapi.

Nilipoisahihisha njia ya faili na kuwasha mfumo upya ilikuwa saa tatu kasorobo, nami nikadhani tumevuka. Hapo ndipo mambo yalipokwenda mrama zaidi. Safari hii konstrakta haikushindwa, ila ilichukua takriban sekunde 40, kwa kuwa ilifungua cheti, ikapiga hodi kwenye lango la malipo kuomba tokeni, na jedwali la viwango nalo, ambalo lilihitajika hapohapo, likaanza kusomwa kutoka kwenye hifadhidata. Kontena huahidi kwamba singletoni itakuwa moja hata kama maombi mia yanafika kwa pamoja, na ahadi hiyo hutimizwa kwa kufuli: uzi wa kwanza, yaani mkondo mmoja wa utekelezaji ndani ya programu, huingia kuunda objekti, nyuzi nyingine zote zinazoihitaji husubiri mlangoni. Mwisho wa mwezi, saa tatu asubuhi, mlango ule ulikuwa na foleni.

Nilikuwa nimeuzidisha ubaya huo kwa mkono wangu. Mwito wa kuomba tokeni ulikuwa umetengenezwa ili usiushikilie uzi wakati unasubiri jibu la mtandao, lakini konstrakta haiwezi kutumia await, neno linalosubiri jibu bila kuushikilia uzi, kwa hiyo nilikuwa nimeulazimisha usubiri kwa .Result. Nyuzi zikakwama moja baada ya nyingine, na kwa kuwa .NET huongeza nyuzi mpya polepole pale zilizopo zinapokwama, hata kurasa zisizohusiana na malipo zikasimama. Programu ya simu ya wanachama ilikuwa imepangiwa kukata ombi baada ya sekunde 30. Ilikata, ikawaomba radhi, nao wakabonyeza tena, huku ombi la kwanza likiwa bado liko hai ndani ya seva na likiendelea na safari yake. Wanachama 31 walitozwa mara mbili.

Kurudisha fedha hizo kulituchukua siku nne, kwa sababu kila muamala ulihitaji fomu yake, sahihi ya mhasibu na uthibitisho kutoka kwa lango la malipo. Nilipewa jukumu la kuwapigia simu baadhi ya wanachama kuwaeleza, na ninashukuru kwamba nilipewa, ingawa siku ile niliiona kama adhabu. Mama mmoja muuza samaki alinisikiliza hadi mwisho kisha akaniambia, "Mwanangu, mimi mambo ya kompyuta siyajui. Ninachojua ni kwamba kesho alfajiri ninakwenda sokoni sina mtaji." Nilimwomba mhasibu amtangulize, naye akamtanguliza, lakini maneno yale nimeishi nayo. Kabla ya hapo, wakati wa kuundwa kwa objekti kwangu ulikuwa jambo la mitihani ya kuombea kazi.

Jioni ya Jumatatu hiyohiyo nilitaka kuhakikisha kwamba kila tunapowasha seva, huduma nzito zinaundwa papo hapo. Wazo lilikuwa zuri, nikalitekeleza vibaya. Ndani ya sehemu ya kuandikisha huduma, kabla programu haijajengwa, niliita BuildServiceProvider, nikapata kontena, nikaliomba huduma ya lango la malipo, nikaona kwenye logi kwamba tokeni imepatikana, nikafurahi. Mhariri wa msimbo aliupigia mstari wa manjano mwito ule, akiwa na onyo namba ASP0000 linalosema kwamba kufanya hivyo huzalisha nakala ya ziada ya singletoni. Nililiona onyo hilo na kulipuuza, nikidhani ni suala la mtindo wa uandishi.

Nilikuwa nimeunda kontena la pili. Singletoni ni moja ndani ya kontena lake, si moja ndani ya programu nzima wala ndani ya kompyuta, kwa hiyo objekti niliyoipasha moto ilikuwa mali ya kontena ambalo hakuna ombi lolote la mtumiaji lingelifikia. Kontena halisi, lililojengwa hatua chache baadaye, liliendelea kusubiri kuombwa kama kawaida. Tena lango letu la malipo lilikuwa na utaratibu wa kubatilisha tokeni ya zamani kila inapotolewa mpya, na objekti zangu mbili zilikuwa kila moja na saa yake ya kuhuisha tokeni. Zikawa zinanyang'anyana. Kila baada ya muda fulani malipo machache yalikataliwa kwa tokeni batili kisha yakaendelea vizuri, na ilinichukua siku mbili kuelewa kwamba ninaangalia objekti mbili za kitu ninachokiita kimoja.

Njia sahihi ni fupi kuliko ile niliyoitumia. Ukishaita Build na kupata programu iliyokamilika, na kabla hujaita Run, omba huduma unayotaka iundwe kupitia app.Services kwa GetRequiredService. Hapo unaliomba kontena lilelile litakalohudumia watumiaji, na objekti ikishindwa kuundwa, programu inaanguka mbele ya macho yako wakati bado umekaa kwenye kiti. Na kama una shaka kwamba huduma fulani ni moja kweli, weka mstari mmoja wa logi ndani ya konstrakta yake, wenye saa na namba ya kuitambulisha objekti. Mstari huo umeniokolea saa nyingi kuliko zana yoyote ya uchunguzi niliyowahi kuisakinisha. Ndio uliotuonyesha pia kwamba klasi yetu ya viwango, iliyoandikishwa mara mbili chini ya violesura (interfaces) viwili tofauti, ilikuwa ikiundwa mara mbili na kulisoma jedwali mara mbili. Kila andikisho lina singletoni yake. Ukitaka violesura viwili vielekee kwenye objekti moja, andikisha klasi yenyewe kwanza, kisha kila kiolesura ukielekeze kwa kitendaji kinachoiomba klasi hiyo kutoka kwenye kontena.

Wiki tatu zilipita, tukaamini kwamba tumetulia. Kisha mhasibu wa chama alikuja ofisini akiwa na karatasi zake, akaziweka mezani na kuuliza, "Kaka, hizi fedha zimeandikwa 'inasubiri' tangu tarehe mbili. Zinasubiri nini?" Tulihesabu pamoja. Ilikuwa miamala zaidi ya 200, ambayo mingi ilikuwa imekwisha kulipwa na fedha zimo benki, lakini katika vitabu vya wanachama haikuonekana. Kazi ya kuipitia miamala hiyo ilikuwa ya huduma yangu ya nne, ile ya ulinganishi. Nilitafuta kosa lake kwenye logi, nikakosa kosa lolote. Nikatafuta mstari wowote wa huduma hiyo. Haukuwapo hata mmoja tangu siku ya kwanza.

Waswahili husema asiyekuwapo na lake halipo. Huduma ile ilikusudiwa kujiendesha yenyewe kwa saa yake, na kwa sababu hiyo hakuna klasi nyingine iliyoitaja kwenye konstrakta. Hakuna aliyeihitaji, basi hakuna aliyeiomba, na isipoombwa haiundwi. Iliandikishwa kihalali kabisa na haikuwahi kuwapo. Katika Spring ingeundwa na kuanza kazi siku ileile. Kwangu hili liliniuma kuliko cheti, kwa sababu kosa la cheti lilipiga kelele ndani ya sekunde ya kwanza ya matumizi, ilhali hili lilinyamaza kwa wiki tatu na likagunduliwa na mtu mwenye kalamu na daftari. Ukiwa na singletoni ambayo faida yake iko katika kuwapo kwake tu, yaani inayosikiliza matukio, inayoendesha saa, au inayosafisha mafaili ya zamani, jiulize ni nani atakayeiomba. Usipopata jina la klasi, huna huduma.

Tuliigeuza kuwa huduma inayoendeshwa na mwenyeji wa programu, kwa kurithi BackgroundService na kuiandikisha kwa AddHostedService. Huduma za aina hiyo nazo ni singletoni, lakini mwenyeji huziomba zote wakati wa kuwaka na kuita StartAsync ya kila moja kwa mpangilio wa uandikishaji, kabla seva haijaanza kupokea maombi. Pamoja nazo huundwa kila singletoni ambayo huduma hizo zinaitegemea, na hiyo inaeleza kwa nini mabadiliko madogo ya huduma moja yanaweza kubadilisha wakati wa kuundwa kwa nyingine tatu ambazo hujazigusa. Jueni pia kwamba tangu .NET 6, kosa lisiloshikwa ndani ya BackgroundService husimamisha programu nzima. Mwenzangu alitaka tuzime tabia hiyo. Mimi nilikataa, nikakumbuka karatasi za mhasibu.

Baada ya hapo tulizipitia singletoni zote za mfumo, zikiwamo zilizoandikwa kabla sijafika, na tukakuta moja iliyokuwa na tatizo la muda wa kuishi linaloshikamana na hili la wakati wa kuundwa. Singletoni huundwa mara moja, na vitegemezi vyote inavyopewa wakati huo hubaki navyo hadi programu izimwe. Ikipewa objekti iliyokusudiwa kuishi kwa ombi moja tu, kama muktadha wa hifadhidata, yaani objekti inayosoma na kuandika kwenye hifadhidata, inaifunga gerezani. Kontena lina ulinzi dhidi ya hilo, ambao kwa kawaida huwashwa katika mazingira ya uandaaji: linakataa singletoni inayotaka kitegemezi cha skopu. Aliyeiandika huduma ile alikuwa amekutana na katazo hilo, akalizunguka kwa kufungua skopu ndani ya konstrakta, kuchukua muktadha, na kuuweka kwenye sehemu ya klasi bila kuifunga skopu ile. Onyo likanyamaza, ila muktadha mmoja ukawa unatumiwa na maombi mengi kwa pamoja, ukikusanya kila rekodi uliyowahi kuisoma, hadi kumbukumbu ya seva ikawa inapanda siku nzima na baadhi ya wanachama wakaonyeshwa salio la asubuhi wakati wa jioni. Dawa yake ni kuidunga IServiceScopeFactory, inayotengeneza skopu, kisha kufungua skopu ndani ya kila kazi inayofanyika, na kuifunga kazi inapokwisha.

Ulinzi huo wa skopu, pamoja na ule wa ValidateOnBuild unaohakiki kwamba kila kilichoandikishwa kinaweza kuundwa, sasa tumeuwasha katika mazingira yote, hata kwenye seva ya watumiaji. Lakini sipendi mtu auamini kupita kiasi. ValidateOnBuild hukagua kwamba vitegemezi vya konstrakta vinapatikana kwenye daftari. Haiundi objekti, haifungui cheti chako, na haioni kilichomo ndani ya kitendaji ulichokiandika mwenyewe cha kuunda huduma. Kama tungekuwa nao Jumamosi ile, ungepita bila neno.

Kilichotusaidia zaidi kilikuwa kubadilisha yaliyomo kwenye konstrakta. Siku hizi konstrakta zetu hupokea vitegemezi na kuvihifadhi, basi. Kufungua cheti, kuomba tokeni na kusoma jedwali la viwango kumehamia kwenye StartAsync ya huduma moja ya maandalizi, ambako await inaruhusiwa na kosa linaizuia programu isiwake. Mipangilio, kama njia ya faili la cheti, huhakikiwa programu inapowaka, kwa ValidateOnStart. Ukurasa wa afya tumeugawa sehemu mbili: mmoja husema kama programu iko hai, mwingine husema kama iko tayari kupokea malipo, na huo wa pili hauitikii ndiyo mpaka tokeni imepatikana na jedwali limesomwa. Msambazaji wa maombi, anayeyagawa maombi kwa seva, haleti seva mpya mstari wa mbele kabla ukurasa huo haujaitikia. Kuwaka kwa mfumo sasa kunachukua karibu dakika nzima, na mkuu wetu alilalamika mwanzoni, nami nilimwonyesha orodha ya wale wanachama 31.

Kuna namna moja ya kuharakisha kuundwa ambayo nawaonya dhidi yake. Unaweza kuiunda objekti kwa mkono na kuikabidhi kwa AddSingleton ikiwa tayari. Hapo inaundwa kwenye mstari uleule wa uandikishaji, kabla hata ya kontena lenyewe, wakati huduma za logi hazijakamilika, na kontena halitaifunga objekti hiyo programu inapozimwa, kwa kuwa hufunga zile tu lilizoziunda lenyewe. Tulijaribu kwa siku moja. Mwenzangu alitoa amri ya kutengeneza mabadiliko ya jedwali la hifadhidata kwenye kompyuta yake, na kwa kuwa zana za Entity Framework Core huendesha mistari ya kuanzia ya programu ili kupata muktadha, kompyuta yake ikapiga hodi kwenye lango la malipo na kubatilisha tokeni ya seva. Hakuwa amegusa chochote kinachohusu malipo.

Tangu hapo, nikikutana na kontena jipya, swali la lini ndilo la kwanza kulijibu, na majibu yanatofautiana kuliko nilivyodhani. Guice, kontena la Java, hutegemea hatua uliyoitaja: katika hatua ya uandaaji singletoni husubiri kuombwa, katika hatua ya uzalishaji huundwa zote mwanzoni, na ipo asEagerSingleton kwa singletoni usiyotaka isubiri popote. Autofac, kontena jingine la .NET, husubiri, ila unaweza kuiwekea singletoni AutoActivate. Viunzi vya Laravel na Angular husubiri; NestJS huziunda programu inapowaka. Spring nayo, tangu Spring Boot 2.2 ya mwaka 2019, inakuruhusu kuzifanya zote zisubiri kwa mpangilio mmoja, na waliouweka wameeleza wazi kwamba kufanya hivyo kunaweza kuchelewesha kugunduliwa kwa matatizo. Kusubiri hakukubuniwa kwa uzembe. Programu inayowashwa na kuzimwa mara nyingi kwa siku, au majaribio elfu moja yanayogusa huduma tatu kati ya mia, hayana sababu ya kulipia gharama ya kuunda kila kitu.

Kwa sababu hiyo hatukuziwahisha zote. Huduma ya kuandaa taarifa za PDF hupakia fonti na violezo vinavyokula kumbukumbu nyingi, na hutumika siku chache za mwisho wa mwezi, na watumishi wa ofisi ndio wanaoitumia, wakiwa na subira ya sekunde tano. Tuliiacha isubiri kuombwa. Juu ya mstari unaoiandikisha tumeandika maelezo yanayosema ni kwa nini, nani huiomba, na nini kitatokea ikishindwa kuundwa saa hiyo, na mwenzetu yeyote anayeongeza singletoni mpya hutakiwa kuandika maelezo kama hayo kabla msimbo wake haujapokelewa. Mwanzoni ilichukua dakika nyingi za mabishano kwa kila mstari. Mwezi uliopita kijana aliyeanza kazi hivi karibuni aliandika, mahali pa nani huiomba, neno moja: "sijui". Tukakaa naye tukatafuta, na hatukumpata mwombaji. Huduma yake ilihamia kwa mwenyeji wa programu siku hiyohiyo, kabla ya kufika kwenye seva.